Namna ya kuiskiliza albamu ya kava ya Kimarekani ya zamani, kwa sie tuliolelewa na taarab

Naandika kwa mtu kama mie, yaani hapigi chombo, hasomi noti, ila anapenda kuskiliza na amekulia nyumba ambayo redio ikifunguliwa asubuhi haizimwi mpaka watu wamelala, taarab, kaswida, nyimbo za filamu za Kihindi, khabari, vifo, kila kitu. Mtu wa namna hiyo ukimpa albamu ya Americana ya miaka thelathini nyuma, alafu ukamwambia ni ya kava, yaani nyimbo zote humo ni za watu wengine, ataskiliza mbili tatu atasema mbona zote sawa, gitaa na mwanamke anaimba polepole, ataifunga. Na sikio analo zuri tu, tatizo hakuna aliemwambia aingilie wapi.

Basi mie nakwambia nnavoingilia mimi. Nitatumia albamu moja tu mwanzo mpaka mwisho, Other Voices, Other Rooms ya Nanci Griffith, ilotoka 1993. Ukishaielewa hii nyengine zote za aina hii utazifungua mwenyewe.

Huyu Nanci ni mtu wa Texas, alizaliwa 1953, kabla hajaingia muziki moja kwa moja alikuwa anafundisha watoto wadogo wa skuli, na amefariki 2021. Alikuwa mtungaji mzuri wa nyimbo zake mwenyewe, jina analo tayari, alafu akaamua kutoa albamu nzima ya nyimbo kumi na saba za watungaji aliowapenda, na hiyo ndo iliompa tuzo ya Grammy ya muziki wa folk. Jina la albamu limetoka kwenye riwaya ya 1948 ya Truman Capote, mwandishi wa Kimarekani. Kuhusu Americana yenyewe usijisumbue sana na maana, ni muziki wa gitaa, banjo na fidla wa Kimarekani, folk na kantri na bluzi zimechanganyika humo. Wazee wetu wengi wanamjua Jim Reeves, yule muimbaji wa kantri, basi huu ni jirani yake, ila huku maneno yanabeba mzigo mkubwa zaidi kuliko tuni.

Sasa kabla hujabonyeza kitu, kaa kitako kidogo ufikirie sisi wenyewe tunaimbaje nyimbo za watu, mana hili jambo kwetu si geni hata kidogo. Bi Kidude kaimba nyimbo za Siti binti Saad miaka na miaka mpaka alipofariki 2013, na watu wengi wa rika langu Siti tumemjua kwanza kupitia mdomo wa Bi Kidude, ndo baadae tukaja kuzitafuta zile sahani za zamani, zile ambazo Siti alikwenda mpaka Bombay 1928 kurikodi. Hiyo ni aina moja ya kuimba wimbo wa mtu. Ipo na ya pili, ile ya kuchukua tuni ya filamu ya Kihindi au ya Misri ukaitia maneno ya Kiswahili, na hii kwenye taarab imefanyika sana. Kava ya Kimarekani iko upande wa Bi Kidude, maneno yale yale na tuni ile ile, kinachobadilika ni nani anaesema na anasema akiwa na hali gani. Kwa hiyo ukiskiliza usingoje tuni mpya. Ngojea mtu mpya ndani ya maneno ya zamani.

Matayarisho ni machache. Ukiweza ishushe albamu nzima kwenye simu pale penye waifai, kazini au kwa jamaa, mana ukiiskiliza YouTube kwa bando la kuungaunga tangazo la sabuni litaingia katikati ya wimbo wa mtu anaekufa na hali yote inapotea. Zima ile ya kuchanganya nyimbo, hilo ni muhimu, wewe ndo utakaepanga nini kinafuata nini. Tumia hedfoni, hata zile za waya za Darajani za bei ndogo zinatosha, kuliko spika ya bluutuuthi yenye besi nyingi, kwa sababu gitaa la hapa linapigwa kwa vidole, nyuzi moja moja, na besi inalimeza kama halipo. Sauti iwe ndogo. Na uwe na daftari na kalamu, nitakwambia ya nini.

Kwenye daftari kila wimbo upe mstari wake, andika jina la wimbo, alafu mtungaji, alafu nani mwengine anaskika humo. Hapa ndo mchezo wote ulipo. Programu za muziki za simu zinakuonesha jina la muimbaji kubwa limejaa kioo, jina la mtungaji unalitafuta ndani ndani huko kwenye vidoti vitatu, na kwa albamu ya kava kukosa jina la mtungaji ni kukosa nusu ya albamu. Nanci mwenyewe aliipanga kazi hii ili wale watu wajulikane, baadhi yao hata Marekani kwenyewe hawakuwa na jina kubwa, kwa hiyo ukiiskiliza bila kujua mwenye wimbo ni nani unakuwa umemkatalia lile aliloliomba.

Alafu usianze na wimbo wa mwanzo. Najua waliopanga albamu walikuwa na sababu zao, lakini anza na Speed of the Sound of Loneliness. Sababu yangu ni moja, mwenye wimbo yumo humo humo. John Prine, aliekuwa mtu wa posta akipeleka barua mitaa ya karibu na Chicago kabla hajawa muimbaji, ameutunga wimbo huu na kuurikodi mwenyewe 1986, na kwenye albamu hii amekuja kuimba pamoja na Nanci. Kwa hiyo kwa dakika chache unawasikia wawili, mwenye mali na alieazima, katika chumba kimoja. Sauti ya Prine ina mikwaruzo, ya Nanci ni nyembamba na safi kama ya msichana wa chuoni. Maneno ni ya mtu anaemuuliza mwenzake, mbona unakimbia hivo, unarudi umechelewa, unarudi mapema, umekimbia mpaka umeipita kasi ya sauti ya upweke. Skiliza mara ya mwanzo bila kutizama maneno. Mara ya pili fuata sauti ya Prine peke yake, iache ya Nanci ipite. Mara ya tatu nenda katafute ile ya Prine ya 1986, alafu rudi. Jiulize nani kaumia hapa. Kwenye ile ya Prine peke yake mie nasikia mwanamme aliechoka kungoja. Wakiimba wawili nasikia watu ambao kila mmoja anamuuliza mwenzake suali lile lile na hakuna wa kujibu. Maneno hayakubadilika hata moja lakini khabari imegeuka, na ukishalisikia hilo basi umeshaelewa kava ni nini, sihitaji kukueleza zaidi.

Wa pili, na huu ndo ninaoupenda kuliko zote, Boots of Spanish Leather. Mtungaji ni Bob Dylan, aliutoa 1964, na kwenye albamu ya Nanci Dylan yupo lakini haimbi, anapiga kinanda cha mdomo tu pembeni. Wimbo huu mtu wa visiwani ataushika haraka kuliko mtu wa bara, mana ni wimbo wa bahari na kusubiri. Mpenzi mmoja anasafiri kwa meli, anamuuliza anaebaki, nikuletee nini kutoka huko niendako. Anaebaki anasema sitaki kitu, urudi salama tu. Anaesafiri anauliza tena, labda kitu cha fedha au cha dhahabu, kutoka Madrid au pwani ya Barcelona. Hapana, nyota zote za usiku na almasi zote za bahari naziacha kwa busu lako. Anauliza tena, mana naweza nikakaa sana. Na hapo anaebaki anaanza kuingia wasiwasi, unaniulizaje tena na tena, nimeshakwambia. Alafu inakuja barua kutoka melini, sijui nitarudi lini, inategemea nitakavojisikia.

Sasa hapo tulia. Kwa sababu anaebaki halii, hatukani, haombi. Anamwambia mwenzake ajihadhari na upepo wa magharibi na hali ya hewa ya dhoruba, alafu anasema ndio, kipo kitu unaweza kunitumia, viatu vya buti vya ngozi ya Kispania. Wimbo umekwisha. Mtu aliekataa dhahabu ameomba viatu, na pale pale unajua kuwa ameshaelewa mwenzake harudi, basi angalau apate kitu cha kutembelea. Wallahi kila nikifika hapo nanyamaza kimya. Huo ndo ufundi, huzuni imetiwa ndani ya ombi la viatu, na hakuna sehemu hata moja inayosema nina huzuni. Watungaji wetu wa taarab wanaijua sana njia hii, kusema jambo kwa kulizunguka, kwa hiyo wewe una sikio hilo tayari, litumie.

Njia ya kuuskiliza ni hii, kwenye daftari andika herufi mbili, A kwa anaesafiri na B kwa anaebaki, mana ndani ya wimbo hakuna mahali panaposema nani anaongea, ubeti unabadilika mdomo tu bila taarifa. Ukiskiliza huku umeweka kidole kwenye A au B mazungumzo yanafunguka. Mtu aliezoea nyimbo za kujibizana hatopata tabu. Ukishamaliza tafuta ile ya Dylan mwenyewe, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na sauti yake ya wakati ule ni kavu, kama mtu anasoma barua aliyoisoma mara nyingi. Nanci anaiimba kama barua imefika leo. Mie nachagua ya Nanci, na rafiki yangu mmoja wa Wete anachagua ya Dylan na hatujawahi kukubaliana.

Kiingereza. Wengi wanakimbia hapa. Usifungue kamusi kwa kila neno, utachoka na wimbo utauchukia. Kwa kila wimbo tafuta mambo manne tu, nani anaongea, yuko wapi, anataka nini, kapata nini. Ukiyapata hayo manne unao wimbo mkononi, maneno mengine yatakuja yenyewe ukirudia. Likikukwama neno moja ambalo linazuia njia muulize mwalimu au mtoto wa skuli alie nyumbani, au jamaa aliekaa nje. Mashairi ya nyimbo hizi yapo onlaini ila yapo yaliokosewa, sikio lako likikataa kitu kilichoandikwa liamini sikio, urudie kuskiliza.

Ukishapita hapo nenda From Clare to Here. Clare ni jimbo la magharibi ya Ireland. Mtungaji, Ralph McTell, ni Muingereza, kaandika wimbo wa vibarua wa Ireland waliokuja kufanya kazi mbali na kwao, wanne chumba kimoja, wanakunywa kupunguza machungu, na mama yuko kijijini anataka barua na mtoto anasema nimechoka siwezi kuandika. Nani huku kwetu hana mtu Maskat au Dubai au London? Siku hizi hatungoji barua tunangoja simu ya WhatsApp, na unaona kabisa amesoma ujumbe na hajajibu na unamkasirikia. Nilipouelewa wimbo huu nimepunguza kukasirika. Uskilize usiku, peke yako, alafu ukiweza mpigie mtu wako. Na tizama ulivotembea wimbo wenyewe, machungu ni ya watu wa Ireland, aliyaandika Muingereza, kaja kuyaimba mwanamke wa Texas, na leo yanaskilizwa Mkoani na mtu ambae hajawahi kuiona Ireland hata kwenye ramani na bado yanamfika.

Do Re Mi wa Woody Guthrie, muimbaji wa folk wa zamani, ni kinyume chake, tuni inaruka, miguu inacheza. Uskilize mara mbili, mara moja kwa miguu na mara moja kwa maneno, mana maneno ni makali. Miaka ya 1930 ukame na vumbi viliwafukuza wakulima maelfu kutoka Oklahoma, Texas, Kansas na kwengineko, wakaelekea California wakiambiwa huko ni peponi, na 1936 polisi wa Los Angeles walipelekwa mpaka mipaka ya jimbo kuwarudisha wasiokuwa na pesa. Guthrie aliwaimbia hawa kwenye sahani zake za 1940, anawaambia kama huna do re mi, yaani pesa, bora urudi kwenu. Mtu alieteremka bandarini Malindi, Unguja, kutoka Pemba na begi moja na namba ya simu ya jamaa mmoja anaujua wimbo huu kabla hajafahamu hata neno lake moja. Kwenye albamu hii Guy Clark anaimba na Nanci, na yule mtoto wa Woody, Arlo Guthrie, utamkuta kwenye wimbo mwengine kabisa, Tecumseh Valley.

Huo Tecumseh Valley ni wa Townes Van Zandt, mtungaji wa Texas, na ni mzito. Binti wa mchimba migodi anaitwa Caroline, katoka kwao kutafuta kazi, anaweka pesa arudi nyumbani majira ya machipuko, inakuja khabari kuwa baba yake kafariki, na kutoka hapo maisha yanamtupa mahali ambapo hakuna mzazi anaependa kumuona mwanawe. Usiuweke mbele ya watoto wanaojua Kiingereza. Na usiuskilize wa mwanzo katika siku yako. Townes mwenyewe alifariki siku ya mwaka mpya 1997, albamu hii imemkuta hai, na mie nafurahi kwa hilo, mana nyimbo zake nyingi zilijulikana kupitia midomo ya wengine zaidi kuliko wake.

Kate Wolf hakubahatika hivo. Ndo mwenye Across the Great Divide, ule wimbo wa mwanzo wa albamu nilokwambia uuruke. Alikuwa mtungaji wa California, alifariki 1986 kwa saratani ya damu akiwa na miaka 44, miaka saba kabla Nanci hajautoa huu. Sasa ndo wakati wa kuuskiliza. Kwanza ujue kuwa kuna mgongo wa milima unaokata Amerika Kaskazini toka juu mpaka chini, mvua ikinyesha upande mmoja mto unaelekea Pasifiki, upande mwengine unakwenda kumwagikia Atlantiki, na pale juu kabisa ndipo mito inapogeuka. Sie watu wa visiwa hatuna kitu cha namna hiyo, maji yetu yote yanakwenda bahari moja, kwa hiyo lazma uambiwe. Mwanamke anakaa anahesabu miaka iliopita, na anaona amefika pale mito inapogeuza njia. Emmylou Harris, muimbaji wa kantri, anamfuata Nanci kwa sauti ya juu yake kidogo. Ukijua kuwa alieandika hakuishi kuusikia, sauti hizi mbili zinakuwa kama zinamsomea dua. Mie ndo maana nikauacha hadi hapa, ukianza nao hujui kitu unasema wimbo mzuri basi, unapita.

Zile nyengine zipite kwa mpangilio wake, hazina shida. Night Rider's Lament una kile cha kuvunjavunja sauti kooni, yodeli, na kama sikio lako halijazoea uache kwa sasa, mie umenichukua muda na bado siupendi sana. Turn Around ni mfupi, mzazi anamtizama mtoto anakua, akigeuka kidogo mtoto ni mkubwa, akigeuka tena kaondoka. Malvina Reynolds ndo mtungaji lakini kwenye majina ya waandishi yupo na Harry Belafonte, na huyu Belafonte ndo yule yule alieimba Malaika na Miriam Makeba kwenye albamu yao ya 1965, wakauchukua wimbo wa Kiswahili wakaupeleka duniani. Andika hilo kwenye daftari. Daftari likijaa majina utaona yanaanza kurudiana, huyu kamuimbia yule, yule kamfundisha huyu, na ukurasa wote unakuwa ukoo mmoja.

Sasa wa mwisho, Wimoweh. Hapa nakuomba ubadilishe utaratibu, usianze na Nanci, anza na chanzo.

Mwaka 1939 Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirikodi wimbo kwa Kizulu kwenye studio ya Gallo, jina lake Mbube, yaani simba. Utafute huo kwanza, upo. Wanaume wanaimba chini, sauti ya Linda inapanda juu peke yake, na karibu na mwisho anaanzisha tuni mpya ambayo ukiisikia utasimama, mana unaijua, dunia nzima inaijua. Sahani ile ikafika New York, mtaalamu wa nyimbo Alan Lomax akampa muimbaji wa folk Pete Seeger, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la Seeger, The Weavers, likautoa kwa jina la Wimoweh. Waskilize hao wa pili. 1961 kundi la The Tokens likaja na The Lion Sleeps Tonight, ile yenye simba amelala msituni, ndo hiyo iliokuja kuingia mpaka kwenye katuni za watoto. Pesa zikazalika na zikazalika. Solomon Linda kafariki 1962, maskini. Watoto wake wakaja kudai, na 2006 ndo wakafikia makubaliano ya kulipwa.

Ukishaskiliza hizo tatu kwa mfuatano rudi kwa Nanci, wimbo unaofunga albamu, wameimba kundi zima, Odetta yumo, Indigo Girls wamo, ni shangwe, unasikia watu wanafurahi kuwa pamoja. Na mie nataka uisikie furaha hiyo, usiikatae, lakini uisikie ukiwa na sauti ya Linda bado masikioni. Zote mbili kwa pamoja. Mie huwa nainua sauti kwenye Mbube na kuipunguza kidogo kwenye nyengine zote zinazofuata, ni jambo dogo langu tu, lakini nalifanya kila mara.

Hapa ndo naona kwa nini daftari lina maana. Albamu hii hii, iliotengenezwa kwa heshima kubwa ya watungaji, ina ndani yake wimbo ambao mtungaji wake aliachwa miaka. Nanci hakumfanyia ubaya Linda, yeye aliupokea wimbo kama ulivomfikia kwenye mlolongo wa folk, lakini mskilizaji una kazi ya kurudi nyuma mpaka mtu wa mwanzo, usiishie kwenye ile sauti ya karibu.

Na ukishapata tabia hii ihamishie nyumbani, tena haraka. Sisi tunajua sana nani kaimba. Ukimuuliza mtu barazani wimbo fulani wa Ikhwan Safaa au wa Culture, vile vikundi vyetu vya taarab, kauimba nani atakujibu bila kufikiri, atakwambia na harusi gani kausikia na nani alikwenda kumtuza. Muulize maneno kayatunga nani, hapo utaona watu wanatizamana. Mashairi ya taarab yana watungaji, watu waliokaa wakapima vina na mizani, na wengine ni majirani zetu, wazee tunapita milangoni kwao. Wazee wakiwa bado wapo kachukue daftari hilo hilo, fungua ukurasa mpya, na kila wimbo unaoupenda ulizia mtungaji, mpigaji wa kanuni, aliepiga fidla, na ulikuwa mwaka gani takriban. Ukiwa unatuma wimbo kwenye grupu andika chini yake muimbaji na mtungaji, maneno mawili tu, haikugharimu kitu.

Mtu ataniuliza, sasa nikimaliza hii niende wapi? Nanci alitoa ya pili ya aina hii 1998, Other Voices, Too, nayo ni nyimbo za wengine na wageni wengi kweli kweli, lakini mie ningekwambia usiirukie. Hii ya 1993 imekupa majina, yafuate kwanza. Anza na Prine, maneno yake ni ya kawaida, Kiingereza chake hakitakusumbua, na ana huruma na watu wadogo, wazee waliosahauliwa, wanajeshi waliorudi wameharibika. Alafu Kate Wolf, mana yeye ndo hana wa kumsemea. Townes mwache mpaka upate usiku usio na haraka. Dylan yuko kila mahali utamkuta tu. Na Solomon Linda, usiishie kwenye Mbube, tafuta na nyengine alizorikodi na Evening Birds, uziskilize kwa hedfoni zile zile, na jina lake kamili uliandike juu kabisa ya ukurasa.